Sharti Lisilo na "La Sivyo" ni Mtego

Katika zahanati kadhaa za nchi yetu daftari limeanza kuondoka mezani, na mahali pake pameshikwa na kishikwambi. Chombo humwuliza muuguzi, muuguzi hujibu, na mwishoni chombo hutoa kauli: mtoto huyu apewe dawa, au apelekwe hospitali, au arudi nyumbani na mama yake. Ndani ya chombo hicho hamna daktari aliyejificha. Mna mistari ya maandishi iliyotungwa na vijana wetu au vijana wa wenzetu, na sehemu kubwa ya mistari hiyo ni masharti: ikiwa hali ni hii, fanya hivi, la sivyo, fanya vile.

Twapenda leo kuyazungumza masharti hayo, na hasa makosa wanayoyafanya wale wanaoanza kujifunza kuyaandika. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la walimu wa kompyuta na wanafunzi wao. Sisi twasema sivyo. Kosa la sharti likitoka darasani bila kurekebishwa litamfikia mtoto mwenye homa, mzee anayengoja pensheni na mkulima anayengoja pembejeo. Na aghalabu kosa hilo halikuanza kwa kijana aliyekaa mbele ya kompyuta. Lilianza katika ofisi iliyompa kanuni nusu.

Ushahidi wa jambo hili tunautafuta Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero. Msomaji wa visiwani asishangae, kwani mji huo una sifa nyingine zaidi ya mchele wake. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika huko kuchunguza maradhi ya nchi za joto, na katika miaka ya 1950 ikaanzishwa maabara ndogo ambayo imekua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, chombo cha Kitanzania. Tangu mwaka 1996 watu wake wamekuwa wakizungukia kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakiandika nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia na nani kahama. Bonde lenye mbu wengi, mafuriko ya masika na vijiji vilivyo mbali na hospitali limekuwa darasa la taifa zima la kuhesabu watu na maradhi yao.

Kati ya Desemba 2021 na Oktoba 2022 taasisi hiyo, pamoja na wenzake wa Mbeya na wa Uswisi, ilishiriki kuijaribu programu ya kumwongoza mhudumu anapomchunguza mtoto mgonjwa. Vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya viliingia katika jaribio hilo. 20 vilipewa programu, na 20 vikaendelea na kazi kama kawaida. Katika vituo vya kawaida, takribani watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vyenye programu walioandikiwa walikuwa takribani 23, na watoto hao hawakupona vibaya kuliko wenzao. Hiyo ndiyo faida ya masharti yaliyoandikwa kwa uangalifu na kupimwa kabla ya kuenezwa. Twautaja mfano huu kwa kuusifu, lakini pia kwa kuonya: sharti lenye nguvu ya kuzuia dawa isiyohitajika lina nguvu ile ile ya kuzuia dawa inayohitajika, likiandikwa vibaya.

Tuichukue kanuni moja tu, iliyomo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu watoto wagonjwa, ambayo kila mganga wa zahanati anaijua. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Tangu miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Tangu miezi 12 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni za haraka. Pumzi za haraka ni dalili ya nimonia. Kanuni imekwisha. Ni fupi kuliko tangazo la mnada, na mtu angedhani haiwezi kuharibika.

Sasa mpe kanuni hiyo kijana anayejifunza Python. Hiyo ni lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, nayo hufundishwa sana kwa wanaoanza kwa kuwa maandishi yake ni mepesi kusomeka. Maneno yake makuu ya masharti ni matatu: if, yaani ikiwa, elif, yaani au ikiwa, na else, yaani la sivyo. Kijana atafanya makosa, na hapana ubaya katika hilo. Lakini yafaa walimu na viongozi watambue kwamba makosa yake ni ya namna mbili: yapo yanayopiga kelele, na yapo yanayonyamaza.

Yanayopiga kelele hayatutishi. Akisahau nukta mbili mwishoni mwa sharti, au akiandika alama moja ya sawasawa mahali palipotakiwa alama mbili za kulinganisha, Python hukataa kuendelea na humwonyesha mstari wenye kasoro. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza ataona na kusahihisha. Hatari imo katika makosa yanayonyamaza. Programu inakwenda, kioo kinang'aa, jawabu linatoka, nalo si la kweli.

La kwanza ni kosa la mpaka. Kanuni imesema pumzi 50 au zaidi. Kijana huandika zaidi ya 50. Tofauti ni alama moja tu, lakini mtoto mwenye pumzi 50 kamili ameachwa nje ya dawa. Watoto wenye 30 na wenye 70 watapata jawabu sahihi, kwa hiyo programu ikijaribiwa kwa watoto hao itasifiwa. Kosa limelala mpakani, na mpakani hakuna aliyekwenda kutazama.

La pili ni kosa la mpangilio. Kijana huanza kwa kuuliza: je, mtoto hajatimiza miezi 60? Kama ndivyo, kipimo ni 40. Kisha huandika: au ikiwa hajatimiza miezi 12, kipimo ni 50. Kila neno alilosema ni la kanuni, ila sharti la pili halitafikiwa kamwe, kwa sababu kila mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 pia hajatimiza miezi 60, naye amekwisha kukamatwa na sharti la kwanza. Mtoto wa miezi 6 mwenye pumzi 44, ambazo kwa umri wake si za haraka, ataambiwa ana nimonia. Atapewa antibiotiki bure, na dawa inayotolewa bure leo hupoteza makali yake kesho. Dawa ya kosa hili ni kuanza na sharti jembamba, kisha kwenda kwenye sharti pana.

La tatu ni kosa la kuchanganya nambari na maandishi. Jawabu linaloandikwa na mtumiaji, Python hulipokea kwanza kama maandishi, hata likiwa ni tarakimu tupu. Kijana akililinganisha na 50, Python hugoma. Hapo badala ya kuligeuza jawabu liwe nambari, huizungushia 50 alama za kunukuu ili ugomvi uishe. Ugomvi unaisha kweli. Lakini sasa kompyuta inapanga kama kamusi inavyopanga maneno, kwa herufi ya kwanza. Na katika mpango huo 100 inatangulia 50, kwa kuwa 1 inatangulia 5. Mtoto anayehema mara 100 kwa dakika, aliye mahututi, anaambiwa hana neno.

La nne ni kosa la "na" na "au". Mwongozo unataja dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au amepoteza fahamu. Moja tu ikionekana, mtoto ni wa kupelekwa hospitali haraka. Kijana akiziunganisha dalili hizo kwa "na", programu itangoja zote zitimie ndipo itoe rufaa. Hatuhitaji kueleza zaidi.

La tano ni kosa la kunyamaza kwa mgonjwa. Kipimajoto kimeharibika, au betri imekwisha, na mahali pa joto la mwili pameachwa wazi. Programu iliyofundishwa kuweka sifuri mahali patupu itasema sifuri haifiki 37.5, kwa hiyo mtoto hana homa. Kutopimwa kumegeuzwa kuwa afya. Sharti lililo kamili lina njia tatu: ana homa, hana homa, hajapimwa.

Msomaji wa Unguja na Pemba asidhani haya ni ya Wabara. Mwaka 2008 Zanzibar ilianza kupokea taarifa za malaria kutoka vituo vya afya kwa simu ya mkononi, na baadaye maofisa wakapewa vishikwambi vya kumfuatilia mgonjwa hadi nyumbani kwake. Miongoni mwa mambo anayoulizwa mgonjwa ni safari zake, kwa sababu visiwa vilivyokwisha kuipunguza malaria kwa kiasi kikubwa vinataka kujua kama ugonjwa umezaliwa hapa au umekuja na boti. Tuseme basi, kwa mfano tu, mwanafunzi anaombwa aandike sharti la kuwatambua wakazi wa visiwani. Naye, kama wanavyofanya wengi wanaoanza, anaandika:

if kisiwa == "Unguja" or "Pemba":

Binadamu anausoma mstari huu bila shida. Kompyuta inasoma maswali mawili. La kwanza: je, kisiwa ni Unguja? La pili ni neno "Pemba" peke yake, na kwa desturi ya Python neno lolote lisilo tupu huhesabiwa kuwa kweli. Kwa hiyo sharti lote ni kweli daima. Mgonjwa aliyeshuka jana kutoka bonde la Kilombero atahesabiwa kuwa mkazi wa visiwani, ugonjwa wake utahesabiwa kuwa wa hapa, na wahusika watahangaika kusaka mbu katika shehia isiyo na kosa. Marekebisho yake ni kuuliza swali kamili mara mbili:

if kisiwa == "Unguja" or kisiwa == "Pemba":

Mwalimu ataweka alama ya vema na kuendelea. Sisi twauliza swali moja zaidi. Mtu wa Tumbatu, akiandika kisiwa chake kwa jina lake, ataingia wapi? Na mtu wa Kojani? Programu sasa haina kosa la lugha hata moja, lakini inamtupa Mzanzibari nje ya Zanzibar. Na akiambiwa mwanafunzi aongeze visiwa vyote anavyovijua, huenda akaingiza na Mafia, ambayo ni kisiwa lakini ni ya Mkoa wa Pwani. Hapa kosa si la kijana. Ni la aliyemwambia "Unguja au Pemba" akidhani amemaliza.

Hilo ndilo jambo tunalotaka watendaji wa Serikali walisikie. Nyaraka zetu nyingi zimeandikwa kwa ajili ya wasomaji wenye busara. Waraka ukisema msaada utolewe kwa kaya zenye watoto wadogo, bwana shauri wa zamani alijua nani anakusudiwa, na alipotatizika alikwenda kumwuliza mkubwa wake. Kompyuta haiendi kuuliza. Mtoto mdogo ni wa umri gani? Siku aliyotimiza umri huo yumo au hayumo? Asiye na cheti cha kuzaliwa afanyweje? Waraka usiyajibu maswali hayo, yatajibiwa na kijana wa programu peke yake usiku, kwa kubahatisha. Na bahati yake itakuwa sheria ya nchi bila Baraza wala Bunge kuipitisha.

Wala tusiseme kwamba fikra ya namna hii ni ngeni, imekuja na mashine. Waliopita chuoni wanaijua elimu ya mirathi. Mke aliyefiwa hupata thumni, sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha mtoto. La sivyo hupata robo. Mume hupata robo ikiwa marehemu ameacha mtoto. La sivyo hupata nusu. Angalieni kwamba hakuna sharti lililoachwa bila "la sivyo" yake. Mpangilio nao umetazamwa: madeni hulipwa kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawiwe, na mtoto wa kiume akiwepo, ndugu wa marehemu huzuiwa. Kadhi atakayeanza na ndugu kabla ya kuuliza habari za mtoto wa kiume atakuwa amefanya kosa lile lile la mwanafunzi wetu wa pumzi 40 na 50. Na si ajabu kwamba Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algoriti, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa hesabu za wasia na mirathi.

Lugha yetu nayo haina upungufu. Mvua ikinyesha tutapanda, isiponyesha tutangoja. Mtoto wa shule ya msingi huyasema haya bila kufundishwa. Sharti limo ndani ya kitenzi, na "la sivyo" imo ndani ya kitenzi. Kijana anayeshindwa na if na else huenda hakushindwa na fikra. Ameshindwa kwa kuwa alipewa fikra na lugha ngeni kwa wakati mmoja. Mwalimu na amwamuru kwanza aiandike kanuni kwa Kiswahili, aisome kwa sauti, mwenzake amuulize "je, isipokuwa hivyo?" kila afikapo nukta. Akikosa jawabu, asiiguse kompyuta kwanza.

Wapo wanaotuambia kwamba siku hizi mashine zenyewe zinaandika programu, na kwamba kumfundisha kijana makosa ya masharti ni kupoteza wakati. Hoja hiyo yaonekana nzito, lakini haisimami. Mashine itaandika mstari safi usio na kosa la nukta, na itaondoa makosa yanayopiga kelele. Haitajua kwamba mtu wa Tumbatu amesahauliwa ikiwa aliyeiamuru amesahau. Kadiri mashine inavyoandika kwa wepesi, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu wa kusoma alichoandikiwa na kukitia majaribuni. Asiyejua kusoma sharti hawezi kulikagua.

Kwa hiyo tunatoa ushauri ufuatao kwa wanaohusika.

Kwanza, kila wizara, halmashauri na idara inayotaka programu iikabidhi kanuni iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu, yenye mpaka wa kila nambari, kwa kusema wazi kama nambari yenyewe imo au haimo, na yenye "la sivyo" kwa kila sharti. Anayetia sahihi kanuni hiyo ndiye wa kuulizwa mambo yakiharibika; asitolewe kafara kijana wa kompyuta.

Pili, kabla programu haijatoka ofisini, ijaribiwe mipakani. Kwa kanuni yetu ya pumzi, haitoshi kumjaribu mtoto mmoja mzima na mmoja mgonjwa. Wajaribiwe wenye pumzi 49, 50 na 51, kisha wenye 39, 40 na 41. Wajaribiwe wa miezi 11, 12 na 13. Ajaribiwe asiyepimwa kabisa. Jedwali hilo laweza kuandikwa na muuguzi kwa kalamu ya risasi, bila kujua hata neno moja la Python, na huyo muuguzi awe na haki ya kuikataa programu.

Tatu, walimu wasiridhike programu inapokwenda. Alama zitolewe kwa mwanafunzi aliyetafuta hali ambayo programu yake itashindwa, akaikuta, akairekebisha. Nchi haijengwi na vijana wasiokosea. Inajengwa na vijana waliozoea kuyatafuta makosa yao kabla hayajawatafuta wengine.

Mama wa kijiji cha upande wa Mlimba, akiambiwa ampeleke mwanawe hospitali ya Ifakara, anaacha shamba la mpunga, anatafuta nauli, anawaacha watoto wengine kwa jirani. Akiambiwa arudi nyumbani, anarudi akiamini. Kwa vyote viwili anatii, kwa sababu anadhani aliyesema anajua. Yatupasa tumstahi kwa imani hiyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa zama hizi ni mwembamba mno, alama moja tu ya hesabu, na hauonekani ila kwa mtu aliyekusudia kuutafuta. Tuwafunze vijana wetu kuutafuta, na sisi tulio ofisini tuache kuwapa kuta zilizokwisha kupasuka.